Nimepewa Moja Nukta Tisa

Jumatatu, 6 Oktoba

Moja nukta tisa. Kati ya tano! Mimi, Eleuterio Ovelar, mwalimu wa Upimaji Ardhi kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyetembea kwa miguu yake nusu ya mipaka ya mashamba ya mkoa wa Guairá. Moja nukta tisa. Hata mbili wameninyima.

Karatasi imebandikwa nje ya ofisi ya mkuu wa chuo, kila apitaye aione. Muuza chipa wa getini, yule wa mikate ya jibini, ameiona. Ameniuliza kama ni matokeo ya mpira.

Chuo sasa kinapima kitu kinachoitwa ushiriki wa wanafunzi katika masomo. Si maksi. Si mahudhurio. Eti kama wapo darasani kwa akili au wameleta miili tu. Wanafunzi wamejaza dodoso. Isitoshe, Ña Petrona, karani mstaafu wa masjala, mama mwenye miwani mizito kama vizibo vya chupa, ameketi nyuma ya kila darasa na saa mkononi. Kila dakika tano anahesabu: nani anauliza, nani anajibu, nani anabishana juu ya somo, nani anachungulia dirishani. Kuhusu darasa langu ameandika hivi: "Muda: saa mbili. Maswali: moja. Aliomba kwenda chooni."

Wa kwanza ni nani? Nimia Cabañas, nani mwingine! Anafundisha Masoko ya Mazao. Nne nukta sita. Mwanamke anayefundisha watu kuuza nyanya! Kwake wanabandika vikaratasi vya rangi ukutani. Ukipita nje unasikia kicheko. Kicheko, chuoni, saa tatu asubuhi!

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu, Mhandisi Bogado. Nikamweleza kwamba ukimya darasani ni heshima. Akasema hata makaburini kuna heshima ya namna hiyo. Kisha akanieleza lililobaki, bila kunitazama. Ña Petrona atapita tena wiki hii na ijayo. Somo litakalobaki mkiani litanyang'anywa chumba na saa zake. Litakuwa la hiari. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Asiyelitaka atachukua Masoko ya Mazao badala yake.

Badala ya Upimaji Ardhi! Nyanya!

Niligonga meza. Bilauri yake ya tereré, ile chai yetu baridi, ikapinduka juu ya faili, majani na maji ya barafu kila mahali. Nikaambiwa nilete kitambaa. Nimefuta mwenyewe. Lakini nimefuta kwa hasira, na aliliona hilo.

Kupimwa mimi! Kazi ya kupima ni yangu!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeruhusiwa kusoma madodoso. Hayana majina, waoga hawa. Mmoja ameandika: "Profe Ovelar anafundisha ubao. Sisi tupo nyuma yake tu." Nimelisoma mara saba. Kila mara linazidi kuwa na adabu mbaya.

Lakini mwandishi amefanya kosa. Herufi zake za b zina tumbo kubwa, kama mtu aliyetoka kula. Kwa hiyo leo darasani nimetoa imla. Ndiyo, imla, katika Upimaji Ardhi. "Bibi Barbara alibeba ubao hadi bondeni akabaini mpaka." Mara tatu, polepole. Mmoja akauliza kama hiyo itakuja kwenye mtihani. Nikamjibu kwamba kila kitu huja kwenye mtihani.

Karatasi thelathini na nne. Nimezichunguza kwa kioo cha kukuzia wakati wote wa mapumziko ya mchana, nikakosa chakula. Nimempata! Zunilda Riveros. Yule anayepata tisini na nane kila jaribio! Mkononi mwangu nimemlea nyoka mwenye maksi tisini na nane.

Kipindi cha alasiri nimemhamishia kiti cha mbele kabisa, pua kwa pua na meza yangu. Akauliza kwa adabu, "Profe, kwani nimekosa nini?" Nikamwambia anajua mwenyewe. Akasema hajui. Nikamwambia basi hilo ni kosa la pili.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango safi kabisa. Ulikuwa safi, yaani.

Wanataka maswali? Watapata maswali. Nilitunga kumi na mawili, ya maana, nikayapiga chapa, nikayagawa kabla Ña Petrona hajafika. Kila swali na namba yake. Ishara: nikigusa tai, anayefuata anasimama na kuuliza. Na Ña Petrona nilimpokea mlangoni kwa chipa nzima, ya moto, jibini bado linavutika.

Sikufikiria joto. Nyuzi thelathini na nane! Ni mtu gani mwenye shingo asiyegusa tai yake? Nililegeza fundo kidogo tu, namba moja akasimama. Nikamjibu. Nikafuta jasho, namba mbili. Nikajikuna, tatu na nne kwa pamoja, wakazozana ni zamu ya nani. Namba tisa akaniomba nifafanue zaidi yale niliyosema kuhusu sumaku ya dunia. Nilikuwa sijasema neno juu ya sumaku ya dunia.

Kisha akasimama Derlis Fretes. Mrefu, mvivu, mtoto wa mwenye karakana ya matrekta. Akashika karatasi kwa mikono miwili akasoma kwa sauti ya mhubiri: "Profe, nimevutiwa sana na maelezo yako kuhusu makosa ya vipimo, je, yanasababishwa na nini, tabasamu."

Tabasamu! Niliandika kwenye mabano! Mabano hayasomwi!

Darasa zima likaanguka kwa kucheka. Ña Petrona akaja mbele taratibu, akamwomba Derlis karatasi ile, akaibana kwenye faili lake. Chipa ameila yote. Kipande cha mwisho alikila huku anaandika: "Maswali: kumi na mawili. Ya wanafunzi: hakuna."

Mwanamke asiye na shukrani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kama siwezi kupanda, Nimia anaweza kushuka. Hesabu rahisi.

Leo ilikuwa zamu ya Ña Petrona kwenda kwake. Nimia bila picha zake za ukutani ni nani? Bila feni ni nani? Saa tatu kasoro dakika tano nilifungua kisanduku cha umeme kwenye korido, nikatoa fyuzi, nikaitia mfuko wa shati. Nikasimama nje ya dirisha nikijifanya nasoma tangazo. Feni ikasimama. Projekta ikazima. Kimya! Dakika nzima ya kimya. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu Agosti.

Kisha nikasikia viti vinaburutwa. Akawatoa wote! Akawapeleka soko la mjini kwa miguu, Ña Petrona nyuma na mwavuli wake, wakatafute kwa nini, kati ya wauza nyanya wawili, meza kwa meza, mmoja anauza kwa bei ya juu na bado watu wanapanga foleni kwake. Walirudi baada ya saa mbili, mikono imejaa nyanya, wanabishana tangu getini. Wanabishana! Juu ya nyanya!

Nne nukta tisa.

Na fyuzi ile, kumbe, ilikuwa pia ya jokofu la chumba cha walimu. Barafu yote ya tereré imegeuka maji. Walimu kumi na wanne, nyuzi thelathini na nane, hakuna barafu. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kikaitishwa kikao cha dharura. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nikadai mhalifu atafutwe, atajwe, asimamishwe kazi. Nikainama kuokota kalamu ili niandike pendekezo langu.

Fyuzi ikadondoka kutoka mfukoni.

Ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Nimia. Akaiokota. Akaitazama, akanitazama. Akaniwekea kiganjani na kunikunjia vidole. "Umeangusha kitu, mwenzangu," akasema, polepole, hakuna aliyesikia. Basi. Hakusema kwa mtu yeyote! Kinyongo gani hiki! Mtu mwenye roho safi angenisema mbele ya wote nikapata nafasi ya kukanusha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwisha. Naandika na matope kwenye nyusi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Ña Petrona darasani kwangu. Niliamua: hakuna ujanja. Mhadhara kamili, Sura ya Nne, Makosa ya Vipimo. Waone mwalimu ni nini. Sijafika mstari wa tatu, Zunilda, pale mbele nilipomweka mwenyewe, akanyanyua mkono.

Nilidhani anataka kwenda chooni. Kumbe ni habari ya bibi yake. Bibi ana hekta nne kando ya kijito. Mafuriko ya mwaka jana yalisogeza kijito, na jirani naye akasogeza waya wa uzio, akala ardhi ya bibi. Jumatatu ijayo afisa wa manispaa anakuja kuamua. Familia haina hela ya kuita mpima. Wana kamba tu. Sasa Zunilda anauliza: utapimaje shamba ambalo upande mmoja ni maji yanayojipinda?

Nikamwambia hiyo ni Sura ya Kumi na Moja, sisi tupo ya Nne.

"Profe," akasema, "bibi ana miaka themanini na moja. Sura ya Kumi na Moja ni lini?"

Kabla sijamjibu inavyostahili, Derlis akaropoka kule nyuma kwamba ni rahisi tu, unazunguka na kamba halafu unazidisha. Unazidisha! Nikaitupa chaki. Nikamuuliza unazidisha nini na nini, bwege wee! Msichana mmoja akasema kata pembetatu. Derlis akasema kijito hakina pembetatu. Mwingine akasema kijito hata mpaka si halali, kinahama. Kila mtu akawa anasema. Nikawaambia wote ni wajinga, hakuna hata mmoja aliyekaribia. Nikafungua kabati nikatoa theodolaiti, darubini yangu ya kupimia pembe ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mwanafunzi. Ili tu wanyamaze!

Nyuma ya chuo kuna kijito. Nikawaongoza huko, bila ruhusa ya maandishi. Nikawaonyesha: unanyoosha mstari kando ya maji, unachomeka vigingi, kila hatua kumi unapima ubavuni mpaka ukingoni. Kitu cha dakika kumi. Ilichukua asubuhi nzima! Hawasikii! Wanataka kushika wenyewe! Kundi la Zunilda likapata mita za mraba elfu tatu mia moja na ishirini, la Derlis elfu tatu na mia tisa, wakafokeana ng'ambo kwa ng'ambo kama mashabiki. Derlis akaingia majini na viatu ili kuhakikisha. Kisha akaniambia kwamba pembe ya kwanza niliisoma mimi, na niliisoma vibaya. Mimi! Mbele ya watu!

Tukasoma upya. Kosa la digrii mbili. Jasho lilikuwa limeniingia jichoni. Nikatupa kofia yangu chini nikaikanyaga.

Wakanipa tereré. Nimepiga marufuku tereré katika vipindi vyangu tangu mwaka 2003. Nimekunywa mara nne, kwa hasira. Nikiwa na bilauri mkononi nikamwambia Zunilda najua ni yeye aliyeandika lile neno la ubao. Hata hakukana. Akasema, "Ni mimi, profe. Shika huo mti wa kupimia, unaegemea kushoto." Nikaushika.

Kengele ya chakula ikalia. Nikawaamuru waondoke. Wakasema subiri, profe, imebaki pembe moja. Tumetoka pale saa nane mchana. Hakuna hata mmoja aliyeandika nukuu safi. Sura ya Nne haijaguswa. Na Ña Petrona alikuwa pale ukingoni muda wote, viatu kavua, miguu majini, anaandika, anaandika, anaandika.

Jumanne, 14 Oktoba

Nne nukta nane.

Imebandikwa pale nje. Nne nukta nane kwa siku ya jana. Wananidhihaki!

Nimekaa chini nikafikiri kwa utulivu, nikavunja penseli mbili. Jana hakukuwa na somo. Kulikuwa na kelele, matope, na mwanafunzi kumkosoa mwalimu wake. Kama hiyo ni nne nukta nane, basi chombo chao kimeharibika. Mpima wa kweli hapokei kipimo kibovu eti kwa sababu kinampendeza. Na tena, Nimia alinisimamisha kwenye ngazi akanipa mkono. Akasema hongera, amesikia kelele zetu mpaka darasani kwake, na angependa kuja kutazama siku moja. Basi nikajua. Nimia akifurahi, kuna mtego.

Nimeandika malalamiko. Kurasa kumi na moja, majedwali matatu. Nimethibitisha kwamba tarehe 13 Oktoba hakukufanyika somo lolote.

Mhandisi Bogado aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Akanisihi. "Ovelar, ndugu yangu, umepona. Umetoka mkiani. Nenda nyumbani, nyamaza." Nikamwambia familia ya Ovelar haijanyamaza tangu vita vya Chaco. Akamwita Ña Petrona. Mama huyo akasema alihesabu vichwa thelathini na vinne kila dakika tano, kwa saa tano, na hakuna hata kimoja kilichotazama saa. Nikamwambia hawakutazama saa kwa sababu ya utovu wa nidhamu.

Akavua miwani akaifuta. Kwa muda mrefu sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Kamati ya watu watatu. Nilizungumza dakika arobaini. Nimia alijaribu kuwaharibu akili: akasimama akasema kwamba siku ile nilifundisha vizuri kuliko mtu yeyote chuoni. Nikamfunga mdomo palepale kwa jedwali la pili. Kamati ikanong'ona. Ikasema kwamba kama mwalimu mwenyewe anaapa hakukuwa na somo, wao ni nani wa kusema lilikuwepo. Tarehe 13 imefutwa! Bogado alitia saini huku anatazama dari.

Nimetoka pale kichwa juu. Wastani wangu sasa ni moja nukta saba, kwa sababu ile siku ya tai bado inahesabiwa.

Saa mbili baadaye, barua. Upimaji Ardhi: somo la hiari, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia wiki ijayo. Unaona? Mtu akishinda haki yake, wanamwinda!

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilifika saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa na barua ya hasira mfukoni, tayari imetiwa saini, kuhusu chumba kitupu na nani wa kulaumiwa.

Chumba hakikuwa kitupu. Thelathini na mmoja kati ya thelathini na wanne! Jumamosi! Wamevaa mabuti ya mpira, kofia za majani, wamebeba vigingi, chupa za barafu. Nimekaa na ile barua mfukoni haina kazi. Hata hilo wameniharibia.

Na safu ya pili, bibi kizee aliyenyooka kama mlingoti, ana jibini kubwa limefungwa kwenye kitambaa. Ndiye bibi wa Zunilda, Ña Saturnina. Jibini ni langu. Zunilda akasimama akaeleza, maneno yanakimbizana. Jumapili iliyopita walikwenda shambani kumi na wawili wao na kamba. Wakapima kama nilivyofundisha, mara mbili, Derlis akiwa ndani ya maji. Jumatatu afisa akaja, akaona ramani yao, akapima mwenyewe. Tofauti ilikuwa sentimita arobaini tu. Waya wa jirani umerudishwa mita kumi na moja. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Na sasa wenye mashamba watano wa kando ya kile kijito wanataka kupimiwa. "Tunaanza na lipi, profe?"

Nikageuka nikaufuta ubao, ingawa haukuwa na kitu. Vumbi. Chumba hiki hakifagiliwi.

Nikauliza afisa alipima kwa chombo gani.

Wakatazamana. Derlis akasema kwa simu.

Kwa simu! Mpaka wa ardhi, wa mama wa miaka themanini na moja, umeamuliwa kwa simu! Na sentimita arobaini zikaachwa zipite, kama chenji! Nikawaambia uamuzi ule ni batili tangu juu hadi chini. Nitaandikia manispaa. Nitadai muhuri ufutwe, waya uondolewe, afisa aadhibiwe, na kazi yote irudiwe upya kwa utaratibu. Wote wakasimama. Kelele! Derlis akapanda juu ya kiti akasema makosa ni ya simu, si ya kamba yao, na atanionyesha kwa hesabu. Akanyakua chaki. Wenzake watatu wakamnyang'anya chaki wakisema anakosea mwanzo kabisa. Wakaandika ukuta kwa ukuta. Nikawafukuza saa tatu. Hawakuondoka. Nikawafukuza tena saa tano. Hakuna aliyesikia.

Zunilda akaniambia, sauti imepungua, "Profe, waya umesharudi. Tafadhali, iache tu." Nikamwambia ukweli hauachwi tu.

Sasa hivi nipo nyumbani. Barua kwa manispaa imefika ukurasa wa tisa, nalila jibini ninapoandika, na ni jibini zuri. Ña Saturnina alinisubiri getini mpaka nilipotoka. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akaniomba kwa jina la marehemu mumewe nisiandike neno lolote kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba niko sahihi.